Je, Kutazama Ndiko Kuona?

Wasomaji wetu, twataka kufikiri nanyi jambo moja: mtu akikutazama miaka mingi, je, amekuona?

Palikuwa na mchoraji Mfaransa, Paul Cézanne, mwenyeji wa Aix, aliyefariki mwaka 1906. Mkewe, Hortense Fiquet, alimchora kwa rangi za mafuta mara zipatazo 29. Picha moja ya yapata mwaka 1877, iliyomo katika jumba la makumbusho la Boston, Marekani, yamwonyesha ameketi katika kiti chekundu, mikono imeshikana mapajani. Kiti na sketi yake ya mistari vimechorwa kwa bidii ile ile ya uso. Hacheki wala halii.

Wengi waliotazama picha hizo walimhukumu bibi kuwa mwenye moyo mgumu. Hapo twasita. Mtu aketiye kimya saa nyingi, atacheka na nani? Kazi ya Cézanne ilikwenda polepole mno. Ambroise Vollard, mfanya biashara ya picha, aliyechorwa mwaka 1899, aliandika kwamba aliketi mara 115. Na aliposinzia akaanguka, alikemewa kwamba imempasa kukaa kama tofaa, maana tofaa halitikisiki.

Basi, ni haki kumtazama mtu kama tunda? Mwanzo tulijibu, la. Tena mume huyu alikosa kweli: kwa kuogopa kunyimwa fedha na baba yake, tajiri mwenye benki, alimficha Hortense na mtoto wao aliyezaliwa mwaka 1872, ndoa haikufungwa mpaka mwaka 1886. Kwa baba hatajwi, na mbele ya rangi atazamwa kutwa!

Lakini tofaa hakulichora kwa dharau. Alilitazama mpaka akachoka. Mchoraji ampambaye mwanamke kwa tabasamu humtazama kidogo, kisha huchora matakwa yake mwenyewe. Huyu hakumzulia mkewe furaha wala huzuni. Uso alimwachia mwenyewe. Heshima ya namna hiyo ni baridi, twakubali, lakini ni heshima.

Sisi waalimu huita majina kila asubuhi, mtoto akaitika, tukatia alama. Mmoja hakucheka kamwe, nasi tukamwita mkaidi. Mwenzetu alipomwuliza kwa upole, alifunua kinywa akaonyesha jino lililooza. Sisi tulikuwa tukimtazama tangu Januari.