Tupu, Huru, Bure

Mwenye kompyuta ya mezani ya Linux yenye RAM ya gigabaiti 8 akiandika amri ya free -h huenda akashtuka: amefungua kivinjari na barua moja tu, na safu ya free inasoma megabaiti 300. Kosa liko kwenye neno. Kiswahili kinatenganisha tupu, huru na bure, ambapo Kiingereza kinatosheka na neno moja. Na safu ile inahesabu utupu peke yake. Mwaka 2014 kerneli ya toleo la 3.14 ilianza kutoa hesabu ya pili, MemAvailable, inayosomwa kwenye safu ya available: makadirio ya kiasi ambacho programu mpya zinaweza kupewa bila kutegemea swapu, yaani sehemu ya diski inayoazimwa kusaidia RAM. Huko huenda zikaonekana gigabaiti 5. RAM ni ileile, ila sasa tunauliza kipi kinaweza kuachiliwa, si kipi hakina kitu.

Nashikilia kwamba uhuru wa kitu ni kule kuachilika kwake, na kwamba utupu, mara nyingi, ni bure kwa maana ya kupotea. Kerneli huijaza nafasi isiyo na kazi kwa nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, yasifuatwe tena diskini. Nakala hizo zimekaa kama amana: mwenye haja akija zinaondolewa, maana asili yake ipo. Aristotle alitofautisha uwezo wa kitu na utendaji wake. Hapa nafasi inatenda kazi moja huku uwezo wake wa kupokea nyingine ukibaki mzima.

Mpinzani atasema amana isiyorudi papo hapo ni deni, naye ana hoja. Nakala zilizobadilishwa sharti ziandikwe diskini kwanza, na mafaili ya tmpfs, yanayoishi kwenye RAM yenyewe, huhesabiwa ndani ya safu ya buff/cache ilhali hayaondoleki hivihivi. Lakini hoja hiyo inadai tupime vizuri zaidi kinachoachilika. Utupu hauongezewi thamani yoyote.

Swapu nayo husingiziwa. Gigabaiti 1 iliyohamia huko si ushahidi wa dhiki. Dhiki hutafutwa kwa vmstat 1, kwenye safu za si na so (hiyo si, inayosomeka kama kanusho letu, huhesabu kinachorudi kutoka diskini). Ruka mstari wa kwanza, ambao ni wastani tangu kompyuta iwashwe. Mistari inayofuata ikisoma sifuri kwenye safu hizo, basi swapu ina wageni waliolala, na hakuna anayegombania kitanda.