Kabla Hujachagua Emuleta au Simuleta

Mwanangu, usianze kwa kuuliza ipi bora. Jiulize kwanza unachohofia kwenye hiyo roboti yako.

Ukihofia mwili wake, kwamba itajigonga ukutani au itateleza kwenye kona, chukua simuleta kama Gazebo au Webots. Humo mna uzito, msuguano na mvutano wa dunia. Iangushe utakavyo, hutanunua hata skrubu. Ukihofia programu itakavyokaa kwenye chipu yenye kumbukumbu finyu, tafuta emuleta: QEMU, aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, au Renode. Hizo huiga prosesa yenyewe, nawe unaendesha faili lilelile utakalolipakia kwenye bodi.

Vijana wengi hukimbilia simuleta kwa kuwa inapendeza machoni. Sina ugomvi nao. Ila mara nyingi humo programu yako inatumia prosesa ya kompyuta yako, biti 64 na kumbukumbu tele, na namba kubwa inapita bila kelele. Kwenye biti 16 zenye alama ya hasi na chanya, mwisho ni 32,767.

Soma ripoti ya uchunguzi wa Ariane 5, roketi ya Ulaya iliyorushwa Kourou tarehe 4 Juni 1996. Programu ya kifaa chake cha kupima mwendo na mwelekeo ilirithiwa kutoka Ariane 4. Roketi mpya ilikuwa na kasi ya mlalo kubwa zaidi. Namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye biti 16, haikuenea, kifaa kikazima. Cha akiba, kwa kuwa kilibeba programu ileile, kilikuwa kimeshazima. Roketi ikapinda na kuteketea sekunde kama 40 tangu injini iwashwe. Na majaribio ya kuigiza safari yalikuwa yamefanyika! Tatizo ni kwamba kifaa hicho kiliwakilishwa humo na modeli tu. Programu yake halisi haikuendeshwa.

Kwa hiyo ziunganishe: simuleta itoe vipimo, emuleta ivipokee ikiwa na programu halisi. Inachosha, tena inakwenda polepole. Fanya walau kwa sehemu zinazosoma vihisi.

Suala la muda usiiachie QEMU, maana haihesabu mizunguko ya prosesa kama chipu yenyewe. Mota inayotakiwa kujibu kila milisekunde ipime kwenye bodi halisi, roboti umeiinua juu ya matofali, magurudumu yasiguse chini.