Taqlidi ya Chapa na Kilio cha Bei ya Simu

Katika baraza zetu siku hizi, ikishatajwa bei ya unga na ya mafuta, hufuata bei ya simu. Husema msemaji: "Simu hii nimeinunua miaka mitatu iliyopita, leo iliyo mpya ya namna hii haishikiki kwa bei, nami ni mteja wao tangu zamani, wala hawanijali." Kisha mwezi haupiti ila utamwona msemaji yule yule ana simu mpya mkononi, na chapa ni ile ile. Maneno haya husemwa Mombasa, husemwa Voi, na husemwa hata Mata, katika Taveta, ambako shilingi hupatikana kwa jasho la mkonge na ndizi.

Twaona kwamba mambo mawili yamechanganywa katika kilio hiki, nayo hayana hukumu moja. La kwanza ni uzito wa bei. La pili ni madai ya mnunuzi kwamba yeye amekuwa mwaminifu kwa chapa, nayo chapa imemfanyia khiyana. Basi na tuyatenganishe, tulitazame kila moja peke yake.

Wanavyuoni wetu, miongoni mwao Imamu Ghazali na Imamu Shatibi, waliyapanga maslahi ya wanadamu daraja tatu: dharura, ambayo ikikosekana dini au maisha huharibika, haja, ambayo ikikosekana watu huingia katika mashaka, na tahsini, ambayo ni pambo na ukamilifu. Simu imo katika daraja gani? Tumtazame mkaazi wa Mata, si mbali na Ziwa Jipe na mpaka wa Tanzania. Tangu ilipoanza M-Pesa mwezi wa Machi 2007, ujira wake, karo ya wanawe na thamani ya mazao yake vyapita simuni. Kweli, fedha hutumwa hata kwa ile simu ndogo iitwayo mulika mwizi. Lakini maombi ya vyeti vya serikali, nafasi za kazi na masomo ya vijana sasa vyapatikana kwa intaneti, na asiye na simu janja humlipa mwingine amfanyie. Kwa mtu huyu, simu janja ya kiasi ni haja. Ama simu yenye jina kubwa, yenye kamera tatu, na iliyotoka mwaka huu badala ya mwaka jana, hiyo ni tahsini.

Kwa hivyo, anayelia kwa kuwa haja yake imemshinda bei, kilio chake ni cha haki, na yatupasa kukisema mbele ya wenye amri. Kodi ya thamani iliondolewa juu ya simu mwaka 2009, ikarudishwa mwaka 2013. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikaongeza ushuru wa asilimia 10 juu ya simu ziletwazo kutoka ng'ambo. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ya Marekani ilipita shilingi 160 za Kenya, na simu nyingi hununuliwa kwa dola. Kisha mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya vipande vya kuhifadhia kumbukumbu ikapanda duniani, kwa kuwa wenye viwanda walielekeza kazi yao kwenye mitambo ya akili bandia, ambako faida ni kubwa zaidi. Kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River mwezi wa Oktoba 2023, na simu zake mbili za kwanza zikauzwa shilingi 7,499 na 8,999. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini kwa kibarua wa shamba bado ni ujira wa siku nyingi.

Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba bei zilipanda Madina, na watu wakamtaka Mtume (s.a.w.) awawekee bei. Akakataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake ilhali yuko anayemdai dhulma ya damu au ya mali. Naye Ibn Taymiyya alieleza katika kitabu chake cha hisba kwamba bei ikipanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa watu, kumlazimisha mfanya biashara auze chini ni kumdhulumu. Lakini akizuia watu wanachokihitaji ili apate kuwanyonya, hapo yafaa alazimishwe bei ya haki. Kwa hivyo si kila bei kubwa ni dhulma, wala si kila bei ya soko ni halali ya dhamiri. Mwenye duka aliyepandisha bei dola ilipopanda ana haki ya kufanya hivyo. Nasi tuna haki ya kumuuliza alifanya nini dola ilipokuja kushuka.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, nalo ndilo lituumizalo zaidi.

Uaminifu katika sheria yetu una mahali pake. Mtu huwa mwaminifu kwa Mola wake, kwa ahadi aliyoitoa, kwa amana aliyopewa, kwa mke, kwa jirani na kwa mshirika wake. Je, kati yetu na kiwanda kilichoko California, au Seoul, au Shenzhen, pana ahadi gani? Tulitoa fedha, tukapewa simu. Mapatano yalikwisha siku ile, isipokuwa kwa yale waliyoyadhamini kwa maandishi. Mnunuzi anayesema "mimi ni wao" amejifunga kwa kamba ambayo upande wa pili haukushikwa na mtu. Hapana khiyana pasipo ahadi.

Hatusemi kwamba chapa ni kitu kibaya. Mama zetu wajua kutafuta maandishi ya "Mali ya Abdulla" katika pindo la kanga kabla ya kufungua kibindo, kwa kuwa wameifua kanga hiyo mara nyingi wakaiona rangi yake. Chapa kwao ni ushahidi wa tajiriba. Na ushahidi ukibatilika, hukumu nayo hubadilika. Wazee wetu wa karne ya kumi na tisa walifanya hivyo hivyo. Waliipenda merikani iliyoletwa Unguja kutoka Salem katika Marekani, wakaitaka kwa jina lake. Kisha vilipozuka vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, kutoka 1861 hata 1865, nguo ile ikaadimika na bei yake ikapanda. Nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaingia mahali pake, watu wakazishona na kuzivaa, wala hakuna aliyejiona kuwa ameasi.

Lakini kupenda chapa bila kuuliza ushahidi kuna jina katika elimu yetu. Ni taqlidi: kuikubali kauli ya mwingine pasi na kuijua dalili yake. Kila siku twawaambia watu wasifuate jambo la dini kwa kuwa tu ndivyo walivyowakuta baba zao, basi ni ajabu mtu akiliepuka hilo msikitini, kisha dukani akasema, "Sisi nyumbani kwetu ni watu wa simu hii." Mwezi wa Disemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake zilipunguza kasi ya baadhi ya simu zake za zamani, ikasema imekusudia zisizimike ghafla betri zikichakaa. Mwezi wa Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kuwa wanunuzi hawakuambiwa. Sheria yetu ilikwisha kumkataza muuzaji kuficha aibu ya bidhaa. Na waliopata kitu katika jambo lile walikipata kwa kudai, wala si kwa mapenzi yao ya miaka mingi.

Wako watakaotujibu: "Cha bei kubwa hudumu, na cha rahisi hufa mapema." Jawabu letu ni kwamba huenda wakasema kweli, na akiwa mtu amepima, simu moja ya miaka sita ikawa nafuu kuliko tatu za miaka miwili miwili, basi huyo ana dalili, wala hatumwiti muqallidi. Wengine hutaja ule usemi wa wahenga kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Nasi twauliza: mbona hicho kizuri chajitembeza katika kila ukuta wa mji na kila kioo cha simu?

Hapa ndipo jambo lilipo na hatari, hasa kwa mnyonge. Mwaka 2020 Safaricom pamoja na Google walileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: arbuni ya shilingi 1,000, kisha shilingi 20 kila siku kwa miezi tisa, jumla yapata shilingi 6,400. Asiyelipa hufungiwa simu yake kutoka mbali. Mauzo ya namna hii, bei ikiwa imejulikana na kukatwa tangu mwanzo, wameyajuzisha wanavyuoni wengi, japo jumla yake ishinde bei ya taslimu. Bali kuchelewa kukizidisha deni, hiyo ni riba, na kila anayetia sahihi na aulize jambo hilo kwanza. Kwa mtu wa Mata aliyetaka simu ya haja, mlango huu ulimfaa. Lakini mlango huo huo wauza na simu za fahari, na shilingi 20 ya haja huwa shilingi 100 au 150 ya fahari kila asubuhi. Shilingi hizo hutoka wapi? Hutoka katika unga, katika daftari la mtoto, katika dawa ya mzee. Na siku mvua ikikosa au shamba likisimamisha vibarua, simu hufungwa, naye akabaki na deni mkononi. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Israa, imemtaja mwenye kufuja mali kuwa ni ndugu wa shetani. Mtu hudhani aya hiyo yawahusu matajiri.

Basi ushauri wetu ni huu. Kabla ya kununua, mtu ajiulize: nina haja nayo ya nini? Niliyo nayo yaweza kutengenezwa? Jumla ya nitakayolipa ni kiasi gani, na nani nyumbani atakayepunguziwa? Na lau jina hili lingefutwa juu yake, ningeitoa bei hii? Akishajibu kwa insafu, na anunue chapa aipendayo.

Imesimuliwa kwamba Ibrahim bin Adham aliambiwa nyama imekuwa ghali, naye akawaelekeza waifanye rahisi kwa kuiacha. Haja haiachiki, na juu yake tutaendelea kuwadai wenye amri wapunguze ushuru. Ama fahari, bei yake i mikononi mwetu.

Mwenyezi Mungu atuwafikie katika mapato na matumizi yetu. Amin.