Sikuwa na Jinsi

Nilianza kuutazama msimu wa tatu wa Star Trek: Enterprise wakati wa likizo ndefu ya mwaka wa pili chuoni, nikiwa nimeshalipa deni la shilingi 330,000 ambalo bado lilikuwa linaninyima usingizi. Rafiki yangu alinikopia sehemu zote 24 kwenye flashi, akaniahidi kwamba nitaburudika. Niliburudika kweli, mpaka sehemu ya 19. Hapo nilisimamisha kompyuta, nikatoka nje, nikakaa barazani hadi mbu waliponirudisha ndani.

Nieleze kwanza hadithi ya nahodha, kisha yangu.

Msimu huo ulionyeshwa Marekani kuanzia Septemba 2003 hadi Mei 2004. Kabla yake, tamthilia za Star Trek kwa kawaida zilikwenda kwa visa vinavyojitegemea: meli inafika kwenye sayari, kunatokea balaa, balaa linatatuliwa, na wiki inayofuata meli ni nzima na mabaharia wamesahau. Safari hii waandishi waliamua kusimulia kisa kimoja kwa msimu mzima. Silaha isiyojulikana inatokea angani na kuchoma ardhi kuanzia Florida hadi Venezuela. Watu milioni saba wanakufa, akiwemo dada wa mhandisi wa meli, Trip Tucker. Inafahamika kuwa waliofanya hivyo wanaitwa Xindi, na kwamba wanaunda silaha kubwa zaidi ya kuimaliza Dunia yote. Nahodha Jonathan Archer anatumwa na meli moja tu kwenda kuwatafuta katika eneo la anga ambalo vyombo vingi huingia na kupotea.

Kwa Mmarekani wa mwaka 2003, fumbo hilo halikuhitaji mkalimani. Tamthilia yenyewe ilianza kuonyeshwa Septemba 26, 2001, wiki mbili tu baada ya mashambulizi ya New York na Washington. Msimu wa tatu ulipoanza, majeshi ya Marekani yalikuwa tayari Iraq. Swali lililokuwa mezani kwa watazamaji lilikuwa hili: mtu aliyeumizwa, anayeogopa kuumizwa tena, anaruhusiwa kufanya nini?

Archer anajibu kidogokidogo. Katika sehemu ya pili anamfungia mharamia kwenye chumba cha kutokea nje ya meli na kuanza kuiondoa hewa, mpaka yule mtu anakubali kusema. Katika sehemu ya kumi, Trip yuko mahututi, na daktari wa meli anaotesha nakala yake hai ili apate tishu za ubongo za kumponya. Nakala hiyo, wanayemwita Sim, inakua kutoka utoto hadi utu uzima kwa siku chache. Inacheza, inapenda, inakumbuka mambo. Sim anapofahamu kwamba upasuaji utamuua, anataka kuishi, na Archer anamweleza waziwazi kwamba ikibidi atamlazimisha. Mwishoni Sim anakubali mwenyewe, nasi tunapumua. Lakini tunapumua kwa sababu yeye ametuokoa na aibu. Nahodha alikuwa tayari kuendelea bila ridhaa yake.

Kisha inakuja sehemu ya 19, iitwayo Damage. Meli imepigwa vibaya, koili ya injini yake ya kasi kuliko mwanga imeharibika. Degra, mbunifu wa silaha ya Xindi, ameanza kuingiwa na shaka kuhusu vita hivi, naye amemtumia Archer kwa siri mahali pa kukutana. Zimebaki siku tatu. Bila injini hiyo, nahodha hafiki. Karibu na hapo inapita meli ya watu waitwao Illyria, wasafiri wasio na ugomvi na mtu, wenye koili inayofaa. Archer anaiomba kwa kubadilishana. Nahodha wao anakataa kistaarabu: bila koili hiyo, safari yao ya kurudi kwao itachukua miaka mitatu. Archer anarudi melini, anawaza, kisha anavamia na askari wake na kuichukua kwa nguvu. Anawaachia chakula na madini ya trellium ya kuikinga meli yao. Nahodha wa Illyria anapomuuliza kwa nini, anamjibu kwamba hana namna nyingine.

Ni sentensi hiyo iliyonitoa nje.

Sasa yangu. Chuoni tulikuwa na upatu wa watu kumi na mmoja. Kila mwezi kila mmoja alitoa 30,000, na mmoja wetu akapokea 330,000. Mimi nilikuwa mweka hazina kwa sababu, walisema, nilikuwa na uso wa mtu asiyekula cha mtu. Mwezi ule ilikuwa zamu ya binti mmoja tuliyesoma naye kozi moja. Alikuwa ameomba zamu hiyo tangu mwanzo, ili amalizie ada kabla ya mitihani. Fedha ilikuwa kwenye simu yangu, na siku mbili kabla ya kumkabidhi, niliarifiwa kwamba mdogo wangu amegongwa akiwa kwenye bodaboda. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika vipande. Hospitali ilitaka malipo ya awali kabla ya kumtia chuma. Nyumbani walikuwa wameshauza mbuzi na kukopa kwa majirani, na bado hazikutosha. Nilituma zile 330,000 usiku uleule. Sikumpigia yule binti kumwomba, kwa sababu niliogopa atakataa, na angekuwa na haki ya kukataa.

Mdogo wangu anatembea. Binti hakufanya mitihani, akaahirisha mwaka. Nilimrudishia fedha baada ya wiki saba, nilizopata kwa kubeba zege, nikaongeza 50,000 juu. Alizihesabu mbele yangu, akatoa zile 50,000 na kunirudishia. "Hizi si zangu, kaka," akasema. Hakupandisha sauti.

Kuna njia rahisi ya kuhukumu mambo haya mawili, na mimi nimeijaribu sana usiku. Pima: upande mmoja Dunia nzima, upande mwingine meli moja iliyochelewa miaka mitatu. Pima tena: upande mmoja mguu wa kijana, upande mwingine mwaka mmoja wa masomo. Mizani inaegemea kwa nahodha, na labda inaegemea kwangu. Waandishi wa tamthilia hawakumrahisishia mtazamaji kwa kulifanya kosa lile kuwa la bure. Archer aliwahi kukutana na Degra kwa sababu aliiba. Kutokana na mkutano ule yalianza mazungumzo, na mazungumzo yakaligawa baraza la Xindi, na bila mgawanyiko huo Dunia isingepona. Wizi ulifanya kazi.

Sasa tatizo liko wapi?

Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitoa mfano wa watu wanaotupa mizigo baharini wakati wa dhoruba ili kuiokoa meli. Hakuna anayetupa mali kwa kupenda, alisema, lakini kwa wakati ule mwenye akili yeyote angetupa. Nimeupenda mfano huo maana unamhurumia binadamu. Ila huwa nauliza: mzigo ulikuwa wa nani? Kama ni wa nahodha mwenyewe, apewe pole. Kama ni wa abiria aliyelala chini, asiyejua hata kama kuna dhoruba, basi dhoruba inaeleza kwa nini mzigo ulitupwa, lakini haielezi kwa nini hasara iwe ya yule abiria peke yake.

Lugha yetu inanisaidia hapa kwa maneno mawili: udhuru na deni. Mwenye udhuru hatupiwi lawama kama mwizi wa kawaida. Tunamsikiliza, tunaelewa. Lakini udhuru haufuti deni. Mtu aliyefiwa anaweza kuchelewa kulipa, na mdai mwenye utu atamvumilia, ila hakuna atakayesema kwamba msiba umelipa. "Sikuwa na jinsi" ni jibu zuri kwa swali la "kwa nini ulifanya?" Kwa swali la "nani atabeba hasara?" si jibu hata kidogo. Kosa langu, kwa miezi, lilikuwa kutumia jibu la swali la kwanza kufungia mlango swali la pili.

Mwanafalsafa Michael Walzer aliandika mwaka 1973 kuhusu viongozi wanaochafua mikono kwa ajili ya jambo jema. Hoja yake ni kwamba kiongozi anaweza kufanya lililo sahihi na bado akawa na hatia, na kiongozi mwema tunamtambua kwa kuwa anajua mikono yake imechafuka. Archer anajua. Kabla ya kuvamia anamuuliza daktari kama amewahi kutenda jambo aliloliona kinyume cha maadili. Msimu unaofuata anarudi nyumbani akishangiliwa kama shujaa, na shangwe zinamchoma. Lakini uchungu wa Archer unabaki kwa Archer. Watu wa Illyria haujawafikishia hata tofali moja la njia ya kurudi kwao.

Sehemu inayofuata ile ya wizi inaitwa The Forgotten, yaani waliosahauliwa. Ndani yake Trip anahangaika kuandika barua kwa wazazi wa binti mmoja wa idara yake aliyeuawa vitani. Ni sehemu nzuri, nililia. Baadaye nikagundua kwamba waliosahauliwa wanaotajwa ni wa meli yetu tu. Illyria hawaonekani tena katika tamthilia ile. Kisa kirefu cha msimu mzima kina uwezo wa kukumbuka, koili ikiharibika leo kesho haitakuwa nzima, lakini hata kumbukumbu hiyo ina mipaka, na mipaka yake ni kuta za meli ya nahodha.

Na Xindi je? Hao nao waliua milioni saba kwa sababu waliaminishwa kwamba wanadamu watawaangamiza baada ya karne nne. Degra ana watoto, na aliiunda silaha kwa ajili yao. Ukimuuliza naye, hakuwa na jinsi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: tukiambiwa sentensi ile na aliyetuumiza tunaiona ni unyama, tukiisema wenyewe tunaiona ni huzuni.

Aprili 28, 2004, siku saba baada ya sehemu ya Damage kuonyeshwa, televisheni ya Marekani ilitangaza picha za wafungwa walioteswa katika gereza la Abu Ghraib. Sisemi tamthilia ilitabiri. Nasema swali lake halikuwa la angani.

Nililimaliza lile dude la sehemu 24, kisha nikampigia yule binti. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu mguu, mbuzi na simu ya usiku. Sikuyatoa. Nilimwuliza mwaka ule aliokaa nyumbani ulikuwaje. Alikaa kimya kidogo, halafu akaanza kueleza: kibanda cha chipsi cha shangazi yake, maneno ya majirani waliodhani amefukuzwa kwa sababu ya mimba, wenzake waliomtangulia kuhitimu. Alizungumza dakika arobaini. Mimi nilisema machache, na la mwisho likawa "niwie radhi".

Radhi hainunuliwi kwa 50,000, na mwenye kuitoa si mimi. Aliniambia atafikiria. Hajanijibu, na nimeacha kuhesabu siku. Kila mwezi ninapopokea mshahara nampigia kumjulia hali. Mara nyingine anapokea.