Ufashisti: Tatizo la Fasili na Suala la Maadili

Dhana ya ufashisti imewatatiza wanazuoni kwa muda mrefu. Chanzo kimoja cha utata huo kimo katika historia ya neno lenyewe. Neno la Kiitaliano *fascio* lina maana ya tita, yaani vitu vilivyofungwa pamoja. Hivyo lilitaja umoja tu bila kubainisha itikadi. Benito Mussolini aliunda kundi lake mjini Milan mwaka 1919, akatwaa madaraka mwaka 1922, ilhali maelezo rasmi ya itikadi yake yalichapishwa katika ensaiklopidia ya Kiitaliano mwaka 1932. Vitendo, basi, vilitangulia nadharia.

Kutokana na pengo hilo, kila mfasili amejichagulia ushahidi. Mwaka 1935, mbele ya mkutano wa wakomunisti wa kimataifa mjini Moscow, Georgi Dimitrov aliueleza ufashisti kuwa ni udikteta wa kigaidi wa mabepari wenye kumiliki fedha. Fasili hii inawafichua wafadhili, lakini inausahau umati ulioshangilia. George Orwell alilalamika mwaka 1946 kwamba neno hili limekuwa jina la chochote kisichopendeza. Naye Umberto Eco, mwaka 1995, alipendekeza sifa 14, akishikilia kwamba hata moja yatosha kuwa kiini cha ufashisti. Mtazamo wa Eco unatutahadharisha mapema. Hata hivyo, ukitumiwa kiholela, kila utawala dhalimu utaitwa wa kifashisti, nasi tutarejea kwenye lalamiko la Orwell.

Je, ubishi huu ni wa kikamusi tu? La hasha. Kila fasili huwatia baadhi ya watu hatiani na kuwaachilia wengine. Fasili inayoanzia na kuishia Ulaya haiwagusi Waethiopia waliouawa kwa gesi ya sumu baada ya majeshi ya Mussolini kuivamia nchi yao Oktoba 1935, ingawa silaha hiyo ilikuwa imeharamishwa na Itifaki ya Geneva ya 1925. Aimé Césaire alidai mwaka 1950 kwamba Hitler aliwatendea Wazungu yale ambayo wakoloni walikuwa wamekwisha kuwatendea Waarabu, Wahindi na Waafrika. Dai hili halifuti tofauti kati ya ukoloni na ufashisti. Linatulazimisha kuieleza tofauti hiyo badala ya kuichukulia kuwa dhahiri.

Kwa hivyo, fasili ya ufashisti haitoshi kupimwa kwa wingi wa sifa inazoorodhesha. Hatuna budi kuuliza pia: ni waathiriwa gani inaowasahau, na ni watendaji gani inaowaachilia?