Alama Hamsini na Shahada

Tumeulizwa na vijana wa Pwani wasomao sheria huku Nakuru, katika vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak: je, ni uadilifu mtu kuzuiwa uwakili kwa alama 49? Mtihani wa mawakili, ulio chini ya Baraza la Elimu ya Sheria, una masomo 9, na kila somo lataka 50.

Ndugu zetu, mpaka popote uwekwapo, yuko atakayeanguka hatua moja nje yake. La kuuliza ni umewekwa kwa kutazama nini. Nusu ya maswali mepesi si sawa na nusu ya magumu! Mwaka 1971 Mmarekani William Angoff alieleza njia: mabingwa wa kazi wakadirie, swali kwa swali, mtu ambaye ujuzi wake watosha tu angepata ngapi; jumla yake ndiyo mpaka.

Wala msahihishaji asiongeze moja kwa huruma. Shahada ni ushahidi, na ushahidi wa uongo humdhulumu mjane atakayemkabidhi wakili huyo kesi ya shamba lake. Lakini kijana wa 49 naye ana haki: karatasi yake isomwe na jicho la pili, lisilojua la kwanza limeandika nini.