Vua Gwanda, Chukua Fomu

Wewe uliyepigana Kandahar au Mosul na sasa unaishi Irving, Texas, maneno haya ni yako. Umerudi, umepata kazi, watoto wanasoma, na kila Novemba 11 watu wanakupa mkono wa ahsante. Ahsante hiyo ni haki yako, lakini usikubali iwe malipo ya mwisho. Watu wanaulizana kama askari waliotoka kwenye vita vya juzi wanaweza kuja kuliongoza taifa. Jibu ni ndiyo, na sehemu ya jibu hilo ni wewe.

Anayedhani hiyo ni ndoto awatazame waliokwisha kupita. JD Vance alipelekwa Iraq mwaka 2005 akiwa askari wa kikosi cha Marine. Januari 2025 aliapishwa kuwa Makamu wa Rais. Wes Moore alitumikia jeshi Afghanistan, kisha wananchi wa Maryland wakamchagua kuwa gavana wao. Ruben Gallego, mtoto wa mama mhamiaji, alipigana Iraq na kupoteza wenzake wengi, na mwaka 2024 Arizona ikamchagua kuwa seneta. Wako wa Republican, wako wa Democrat. Njia iko wazi kwa pande zote.

Hapa kwetu Texas mifano iko mlangoni. George H. W. Bush alikuwa rubani wa jeshi la majini. Septemba 2, 1944, ndege yake ilitunguliwa karibu na kisiwa cha Chichi Jima, akaokolewa na nyambizi. Mwaka 1964 aligombea useneta wa Texas, akashindwa. Mwaka 1966 watu wa Houston wakampeleka Baraza la Wawakilishi, na mwaka 1989 akaingia Ikulu. Wesley Hunt, rubani wa helikopta ya Apache aliyekwenda Iraq, aligombea ubunge Houston mwaka 2020, akaanguka; mwaka 2022 akarudi kwa wapiga kura, akashinda. Na kule Illinois, Tammy Duckworth alipoteza miguu yote miwili helikopta yake ilipopigwa kombora Iraq, Novemba 12, 2004. Mwaka 2006 akagombea, akashindwa. Mwaka 2012 akaingia Baraza la Wawakilishi, mwaka 2016 akashinda kiti cha Seneti.

Wote watatu waliangushwa kwanza. Wewe uliyesonga mbele huku risasi zikilia, utatishwa na karatasi ya matokeo?

Nafasi ipo, tena kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu wabunge watatu kati ya wanne wa Marekani walikuwa wamepita jeshini. Leo hawafiki hata mmoja kati ya watano. Maana yake, maamuzi ya kupeleka vijana vitani yanapitishwa zaidi na watu ambao hawajawahi kuagana na mtoto mlangoni bila kujua kama watarudi. Wewe unaijua bei ya vita kwa sababu umeilipa. Bunge linahitaji watu wa namna hiyo.

Najua kuna sauti inayokunong'oneza kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini. Sisi ni wageni, tutaanzia wapi? Basi sikiliza. Jeshi la Marekani lilipofungua mpango wa MAVNI mwaka 2009 ili kuandikisha wahamiaji wenye ujuzi adimu, Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zilizotakiwa. Lugha tuliyonyonya kwa mama zetu ilihesabiwa kuwa hazina ya ulinzi wa taifa hili. Wengi walioingia kwa mlango huo walipata uraia mapema sana kwa sababu ya utumishi wao.

Sasa fungua Katiba. Kugombea Baraza la Wawakilishi inataka umri wa miaka 25 na miaka 7 ya uraia. Seneti inataka umri wa miaka 30 na miaka 9 ya uraia. Aliyeapa kuwa raia mwaka 2010 alitimiza sharti la kwanza mwaka 2017 na la pili mwaka 2019. Mlango umefungwa kwenye kiti cha Rais tu na cha Makamu wake, ambavyo havitolewi kwa raia wa kuandikishwa. Hata huo, mwanao aliyezaliwa Irving anaweza kuufungua.

Wapo wa bara letu waliokwisha kuipita njia hii. Wilmot Collins alifika Helena, Montana, mwaka 1994 akiwa mkimbizi wa vita vya Liberia. Akaingia jeshi la akiba, akatumikia miaka mingi. Novemba 2017 alimshinda meya aliyekuwa madarakani kwa miaka 16, na mwaka 2021 wananchi wakamrudisha. Na hapa Irving penyewe, nenda Williams Square pale Las Colinas. Farasi tisa wa shaba wanakatiza maji mbio, na chini ya kwato zao maji yanaruka. Aliyewachonga ni Robert Glen, mzaliwa wa Kenya. Mkono uliotoka kwetu umekwisha kuutia mji huu alama. Kura na sauti zetu zifuate.

Wazee wetu wana hofu nyingine, na ni hofu ya haki. Wanakumbuka Januari 25, 1971, Idi Amin alipoitwaa Uganda kwa mtutu. Wanasema askari akae mbali na siasa. Lakini Amin hakuomba kura. Jakaya Kikwete alikuwa Luteni Kanali. Vyama vingi viliporudi Tanzania mwaka 1992 na jeshi likatenganishwa na siasa, alistaafu jeshi, na mwaka 2005 akachaguliwa Rais. Kule Kenya, Meja Jenerali mstaafu Joseph Nkaissery aliomba kura za Kajiado ya Kati mwaka 2002, akawa mbunge. Anayevua gwanda na kusimama mbele ya mpiga kura kama raia mwingine, akikubali kuulizwa na kukataliwa, huyo ameishika demokrasia kwa mikono miwili.

Basi anza karibu. Halmashauri ya jiji la Irving ina meya na madiwani wanane, na uchaguzi wake hufanyika Mei. Bodi ya shule nayo hupigiwa kura mwezi huo huo. Hizo ni chaguzi ambazo watu wachache hujitokeza, na mitaa michache iliyojipanga inaweza kuamua mshindi. Hudhuria vikao. Soma bajeti mpaka ujue kila dola ya maji taka, zimamoto na barabara inakwenda wapi, kwa sababu medali haimjibu mama anayeuliza kodi ya nyumba imepanda kwa nini. Kama unastahili, tumia Sheria ya Hazlewood, inayomwondolea mwanajeshi mstaafu wa Texas karo ya hadi saa 150 za masomo (credit hours) katika vyuo vya umma, usome sheria au utawala. Kisha gonga milango, ukitoka shifti, Jumamosi kwa Jumamosi.

Nasi wengine tusimwache mgombea wetu peke yake. Msiba ukitokea, jumuiya yetu huchangishana mpaka mwili unafika nyumbani. Nguvu hiyo hiyo tuipeleke kwenye kampeni ya aliye hai. Hata mwenye green card, ingawa hapigi kura, sheria inamruhusu kuchangia mgombea. Texas inataka uwe umejiandikisha siku 30 kabla ya uchaguzi. Raia mwenye kadi ya kupigia kura aombe kaunti imteue kuwa mwandikishaji wa kujitolea, aandikishe majirani kanisani, msikitini na kwenye mpira. Asiyekuwepo na lake halipo.

Ulikula kiapo cha kuilinda Katiba ya Marekani, na kiapo hicho hakina tarehe ya kuisha. Fomu za uchaguzi wa Mei hupokelewa Januari na Februari. Nenda ofisi ya jiji, chukua yako, andika jina lako lote kama baba na mama walivyokupa, urudishe kabla ya siku ya mwisho. Sisi tutakuja kupiga kura.